Nyumba ya mawe ya Lamu ni kamusi tusiyoifungua

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuandika katika insha yake kwamba Waamu wa kale walikuwa watu wa maendeleo makubwa, kwa kuwa kila tajiri wao alikuwa na kiwanda katikati ya nyumba. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha kicheko kikanikauka kinywani. Kijana huyo hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa amesoma maelezo ya nyumba ya mawe ya Lamu, akakumbana na neno kiwanda, akalifasiri kwa maana pekee aliyofunzwa tangu shule ya msingi: mahali pa mitambo, moshi na vibarua. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia, nami nikiwamo, kwamba kiwanda katika nyumba ya Kiamu ni ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, ambamo mwanga na upepo huingilia kabla ya kugawanywa vyumbani.

Niliona kwamba kosa kama lile haliponywi kwa wino mwekundu. Muhula uliofuata tukafunga safari, mimi na wanafunzi kadhaa, hadi Lamu. Leo ningependa msomaji aandamane nasi mlangoni, aingie, atazame jinsi nyumba ile ilivyopambwa, kisha ajiulize pamoja nami ni kwa nini mapambo ya nyumba zilizojengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita yangali yanapendeza, ilhali samani tulizonunua mwaka juzi zimekwisha kutuchosha macho.

Ukitoka forodhani na kuupanda mji kidogo utaifikia njia kuu ambayo wenyeji waliiita Usita wa Mui, yaani barabara ya mji. Upande wa kaskazini, mtaani Mkomani, ndiko ziliko nyingi za nyumba za mawe. Zilizosalia ni, kwa sehemu kubwa, za karne ya 18. Zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuta zake ni nene kiasi cha nusu mita. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa nje nyumba hizi hazisemi neno. Ni ukuta mtupu, madirisha machache yaliyo juu, na kichochoro chembamba ambamo punda na mtu hupishana kwa adabu. Mgeni asiyejua anaweza kudhani anapita kando ya ngome. Utajiri wote umegeuziwa ndani, kinyume cha nyumba zetu za leo ambazo hutumia fedha nyingi langoni ili mpita njia ashangae, na zikabakiwa na kidogo sana cha kumpa anayeishi humo.

Dalili ya kwanza ya ukarimu ni daka, kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango. Pande zake mbili pana viti vya mawe vilivyoshikamana na ukuta, navyo huitwa baraza. Hapo ndipo bwana wa nyumba alipoketi na wageni wake, wakanywa kahawa, wakaamua mambo ya mtaa. Kutokana na kiti hicho cha mawe, jina likahamia kwa watu wanaokikalia, kisha kwa kikao chao, na leo tuna Baraza la Mawaziri lenye magari na walinzi. Wanafunzi wangu walipoketi juu ya baraza la asili, nikawaambia kwamba sasa wamekuwa mawaziri kwa maana ya kwanza ya neno. Walicheka, lakini hawatalisahau.

Kati ya baraza hizo umesimama mlango wa mbao wenye mbawa mbili. Ubao wa kati uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja, ambao ubawa wa pili huuegemea unapofungwa, ni mfaa. Nguzo za pembeni ni miimo. Mbao za juu na chini ni vizingiti. Neno hili la mwisho wanafunzi wanalijua vyema kwa maana ya kikwazo, kwa kuwa magazeti yetu hulitumia kila uchao: vizingiti vya kibiashara, vizingiti vya maendeleo. Aghalabu hawajui kwamba kizingiti ni kitu cha kuvukwa kwa mguu wa kulia na kwa hodi. Nakshi zimechongwa zaidi kwenye mfaa na miimo, yaani pale ambapo jicho la anayesubiri kufunguliwa hutua. Fundi hakuchonga kila mahali. Alijua mgeni atasimama wapi na kwa muda gani.

Ukishavuka huoni chochote bado. Umeingia tekani, ukumbi mdogo ambao njia yake hupinda, ili mlango ukifunguka jicho la kichochoroni lisifike kwa watu wa nyumba. Unapinda, na ghafla uko kiwandani, chini ya mbingu, na weupe wa chokaa unakupiga usoni. Hapa nilimtazama mwandishi wa ile insha. Alisimama katikati ya ua, akainua uso juu, akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba kiwanda ni ndugu wa uwanda, uwanja na kiwanja: mahali peupe, palipo wazi. Fundi alipoketi mahali peupe akafanya kazi yake, jina la mahali likaishikilia kazi. Kazi ilipopata mitambo, jina likaifuata mitambo, likasahau mbingu.

Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, sakafu ikipanda kidogo kwa kila hatua: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Mwanafunzi wa lahaja ana karamu hapa. Kiamu husema tini pale Kiswahili sanifu kisemapo chini, kama kisemavyo mato kwa macho. Husema yuu kwa juu, kama kisemavyo moya kwa moja. Na huyo mui wa Usita wa Mui si mwingine ila mji. Mwanafunzi anayeikariri kanuni hii ubaoni huisahau baada ya mtihani. Aliyepanda kwa miguu yake kutoka msana wa tini hadi msana wa yuu ameitia mwilini.

Na ndani? Katika sarufi tunafunza kwamba ndani ni kielezi cha mahali. Katika nyumba ya Kiamu ni nomino, jina la chumba cha faragha cha wenye nyumba. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amo ndani ya nyumba na bado asiwe amefika ndani. Sijui mfano ulio mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi jinsi aina za maneno zinavyoweza kubadilishana nafasi.

Vyumba vyote hivi ni virefu na vyembamba. Sababu yake si mtindo bali mti. Dari ni ya mawe na chokaa, nzito mno, na boriti ya mkoko haiwezi kuubeba uzito huo kwa upana unaozidi takriban mita 3. Mjenzi alikubali amri ya mti, akarefusha chumba badala ya kukipanua. Kisha akakabiliwa na swali: chumba chembamba namna hii kitawekwa wapi vyombo bila ya watu kukwaana? Jibu lake ndilo pambo mashuhuri kuliko yote katika nyumba za Waswahili, yaani zidaka.

Kidaka ni kishubaka kilichoachwa ndani ya unene wa ukuta. Wingi wake katika Kiamu ni zidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia zi- pale sisi tutumiapo vi-. Katika ndani ya nyumba ya mtu mwenye uwezo, ukuta mzima hujaa zidaka, safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi zilizochongwa katika chokaa ilipokuwa ingali mbichi. Humo ziliwekwa sahani na makombe ya kauri kutoka China, na baadaye ya Ulaya. Humo zilikaa mirashi, vyetezo vya udi, na msahafu mahali pake pa heshima. Mwanga wa kiwandani hupita misana yote miwili, ukafika pale umepungua makali, ukaanguka juu ya buluu ya sahani na weupe wa chokaa. Ukuta wa mawe unaonekana kana kwamba una kina kisicho na mwisho. Chumba chembamba hakionekani chembamba tena.

Samani zilikuwa chache. Palikuwa na kitanda kirefu cha nakshi, samadari, chenye besera juu yake. Palikuwa na kasha la nguo lililopigwa misumari ya shaba. Palikuwa na busati na mikeka sakafuni, na susu ikining'inia kutoka kwenye boriti. Na palikuwa na kiti cha enzi, kile kiti cha mpingo kilichotiwa pembe za ndovu na kuwambwa kwa kamba nyembamba, ambacho hakikukaliwa na kila mtu wala kila siku. Nyuma ya ndani kulikuwa na nyumba ya kati, chumba kisicho na mwanga mwingi, ambamo watoto walizaliwa na maiti wakatayarishwa kwa safari yao. Kiswahili, kama wasomaji wajuavyo, hutumia kitenzi kimoja hapa: bibi harusi hupambwa, na maiti hupambwa. Hata chooni mlikuwa na birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya maji hayo palitiwa bakuli ya kauri ili visamaki vipate pa kukaa maji yapunguapo. Yaani bakuli iliyosafiri kutoka China iliwekwa mahali ambapo hakuna mgeni angeisifu. Iliwekwa kwa ajili ya samaki.

Mfano huo mmoja unatosha kuieleza fikira yangu. Mapambo ya nyumba ile hayazeeki kwa sababu hayakuanza kama mapambo. Kidaka kilianza kama dawa ya ufinyu, chokaa kama dawa ya giza, tekani kama ulinzi wa faragha, kiwanda kama pumzi ya nyumba. Kila kimoja kilikuwa na kazi kabla ya kuwa na uzuri, na kila kimoja kilipewa jina lake. Kinachochakaa upesi katika nyumba zetu ni kile kilichotiwa ili kionekane tu. Siku macho yanapokizoea, hakina kazi nyingine ya kufanya.

Hivi karibuni nililala katika hoteli moja ya kifahari, mbali sana na pwani. Nyuma ya meza ya mapokezi ulikuwapo ukuta wa zidaka, safi, uliomulikwa kwa taa. Nilipouegemea ulitoa sauti ya ngoma: ni ubao wa jasi. Vishimo havikuwa na kina cha kubeba hata kikombe. Nilimwuliza kijana wa mapokezi vinaitwaje, akanijibu kwa uungwana kwamba ni "dizaini ya Lamu". Simlaumu. Jambo lililonihuzunisha ni kwamba umbo limesafiri bila jina lake, na bila jina haliwezi kumwambia mtu lilikuwa la nini.

Tusiidanganye nafsi, hata hivyo. Nyumba hizi zilikuwa za waungwana, na mwalimu anayezisifu bila kusema zilitoka wapi anamfunza mwanafunzi nusu ya somo. Utajiri uliojaza zidaka ulitokana na biashara ya bahari, pembe za ndovu, na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Wako waliochota maji ya birika lile ambao hawakuwahi kuketi kwenye kiti cha enzi, na ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kuyahifadhi maneno ya nyumba si kuurudisha ule utaratibu. Ni kuweza kuusoma, mema yake na maovu yake, bila ya kuhitaji mkalimani.

Wala washairi wetu hawakungoja sisi tuje kuwaambia kwamba uzuri hupita. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya majumba ya Pate, akaona mashubaka yaliyobeba sahani yamegeuka makao ya makinda ya ndege. Kila mwaka nafundisha utenzi huo. Kila mwaka wanafunzi huniambia kwamba dhamira yake ni ubatili wa dunia, na hupata alama zao. Lakini mtu asiyejua shubaka la sahani ni kitu gani hawezi kulia pamoja na mshairi. Anaiona dhamira, haioni hasara.

Mimi mwenyewe nilidhani naiona, mpaka nilipofika katika nyumba moja si mbali na Usita wa Mui. Haikuwa makumbusho, ilikuwa nyumba ya watu. Bibi mwenye nyumba, aliyekwisha kuvuka miaka 80, alituketisha kwenye msana wa tini, akatupa kahawa na halua. Baada ya mazungumzo marefu alituruhusu kufika ndani. Ukuta wa zidaka ulikuwapo, nakshi zake kamili, nao ulikuwa mtupu kabisa isipokuwa redio moja na chupa ya dawa.

"Bibi," nikamwuliza kwa taadhima, "vyombo vyenyewe vimekwenda wapi?"

"Vimekwenda kusoma, mwanangu," akanijibu.

Hatukumwelewa. Akainua mkono, akaanza kutuonyesha. Kidaka hiki kilikuwa na kombe la buluu. Likalipa karo ya mwanawe wa kwanza sekondari. Kile kilikuwa na sahani mbili. Zikampeleka binti yake chuo cha ualimu. Kile cha juu kilikuwa na bakuli aliyoachiwa na nyanya yake. Hiyo aliiuza mwaka mumewe alipougua, akamzika nayo. Wanunuzi walikuja wenyewe mpaka mlangoni, kwa heshima kubwa, na hakuna aliyemwibia. Alihitaji, akauza. "Ukuta huu umesomesha watu watano," akasema, "na wote wako bara, wana kazi. Wakija hulala hotelini, kwa kuwa hapa hakuna kipozahewa."

Pakawa kimya. Nilifikiri juu ya sheria zetu za kulinda mambo ya kale, hasa ile ya mwaka 2006, na jinsi ilivyo rahisi kuandika kwamba vyombo vya kale visiuzwe, na ilivyo vigumu kumwambia mama asisomeshe. Ni nani kati yetu, tuliosoma kwa mbuzi na kwa mashamba ya wazazi wetu, angethubutu kumlaumu? Elimu iliyotufunza kwamba kiwanda ni mitambo tu ndiyo elimu iliyolipiwa kwa sahani za kidakani.

Mwandishi wa ile insha ndiye aliyeuvunja ukimya. Alikiwekea mkono kishubaka kimoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hivi sasa, bibi, maadamu hakina kitu, mwakiitaje?"

"Ni kidaka, mjukuu wangu," akasema. "Hata kitupu, ni kidaka."

Walimu wenzangu, hatuwezi kuzirudisha sahani. Nyingi ziko katika makabati ya watu tusiowajua. Nyumba zenyewe zinaendelea kubadilisha mikono, na wengi wanaozinunua ni wageni, ambao baadhi yao, ni haki kusema, huzitunza kuliko warithi. Lakini majina hayakuuzwa. Yangali midomoni mwa watu kama bibi yule, na midomo hiyo inapungua kila mwaka. Kazi ya kuyaandika haihitaji mfadhili wala kongamano. Inahitaji daftari, kalamu na adabu ya kupiga hodi.

Ninyi mlio pwani, wapelekeni wanafunzi katika nyumba moja tu ya kale, wachore ramani yake, waandike jina la kila sehemu na kazi yake, kisha ndipo mfungue Al-Inkishafi. Katika mji wa Lamu makumbusho ya kitaifa yamehifadhi nyumba ya namna hiyo kwa ajili ya umma. Ninyi mlio bara, msidhani nimewasahau. Nyumba ya nyanya yako Kakamega, Machakos au Nyeri nayo ilikuwa na mahali pa mgeni, mahali pa moto, mahali pa mtungi, na kila mahali palikuwa na jina katika lugha yake. Mwulize angali yupo. Mwanafunzi aliyeyajua majina ya nyumba yake hatapata taabu kuyaheshimu majina ya nyumba ya mwenzake.

Yule kijana aliandika insha nyingine tuliporudi. Safari hii alieleza kwamba kiwanda ni mahali ambapo nyumba huvutia pumzi. Sikuona haja ya kusahihisha.